Nani Anafanya Kazi Gani, na Anapata Nini? Mwongozo wa Kukadiria Ajira na Kipato Wilayani Mkoani

Uliza mjini Mkoani vijana wafundishwe ufundi gani, utajibiwa papo hapo: umeme, ushoni, udereva. Uliza sasa kati ya Mtambile na Kengeja wako mafundi umeme wangapi, na fundi wa kawaida anabaki na shilingi ngapi kwa mwezi, na jibu halipatikani. Hata hivyo maamuzi hayasubiri. Kamati inanunua vyerehani, mzazi analipa ada, ushirika unakopa, kijana anapanda boti kwenda Unguja kutafuta kibarua. Kila mmoja amekisia, na aliyekisia vibaya hulipa kwa miaka yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mjumbe wa kamati ya shehia, kiongozi wa ushirika, mwalimu wa mafunzo ya amali, mwanachama wa baraza la vijana, au mtu yeyote anayetaka namba za kuaminika kuhusu kazi za mahali pake. Huhitaji shahada ya takwimu. Unahitaji daftari, kikokotoo, watu wanne au watano waaminifu, na subira.

Jambo moja likumbuke tangu mwanzo: Mkoani watu wengi hawalipwi kwa mwezi. Wanalipwa kwa pishi, kwa kilo, kwa mgao, kwa safari au kwa siku, na msimu ukigeuka kazi nayo inageuka. Ukihesabu mishahara pekee, utakuwa umewaacha nje wengi wa wanaofanya kazi.

KWA NINI TAKWIMU ZA TAIFA HAZITOSHI PEKE YAKE

Anza kwa kusoma kilichopo. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar, hutoa matokeo ya sensa na ya Utafiti wa Nguvukazi. Miongoni mwa tafiti kubwa za nguvukazi ni za mwaka 2014 na 2020/21. Humo utapata picha ya Zanzibar nzima: nani ameajiriwa, nani amejiajiri, nani anatafuta kazi.

Tafiti hizo huchagua kaya chache ziwakilishe nyingi. Zinafaa kwa Zanzibar, na kwa kiasi fulani kwa mkoa. Ukishuka hadi wilaya, na kisha hadi kazi moja ndani ya wilaya, waliohojiwa wanabaki wachache mno. Huwezi kujua pato la wakulima wa mwani wa Kisiwa Panza kwa kusoma jedwali la Zanzibar nzima.

Angalia pia umri wa namba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 195,116 katika Mkoa wa Kusini Pemba, na kati yao 97,867 walikuwa wa Wilaya ya Mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 271,350 katika mkoa huohuo. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 39 kwa miaka kumi. Anayekadiria idadi ya mafundi leo kwa kutumia idadi ya watu ya 2012 amekosea kabla hajaanza.

Nchi nyingine hufanya kwa njia nyingine. Marekani, ofisi ya takwimu za kazi huwauliza waajiri: wana watu wangapi wa kila kazi, na kila mmoja yumo katika daraja gani la mshahara. Huchagua sehemu za kazi zipatazo milioni 1.1 katika awamu sita za miaka mitatu, ndipo ikakadiria kila kazi kwa kila eneo. Lakini utafiti huo hauwahesabu waliojiajiri. Ukiuleta Mkoani ulivyo, utamhesabu muuguzi wa Hospitali ya Abdalla Mzee na karani wa bandari, kisha utampita mvuvi, mwenye mikarafuu, mama wa mwani na fundi cherehani wa barazani. Ndiyo maana hapa tunatumia njia mbili kwa pamoja: kuuliza waajiri, na kuuliza kaya.

HATUA YA 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Sentensi hiyo itaje mahali, kazi, kipindi na uamuzi unaoutaka. Mfano: "Katika shehia tatu za pwani ya Mkoani, ni watu wangapi wanaolima mwani, na kila mmoja alibakiwa na kiasi gani kwa miezi 12 iliyopita, ili ushirika uamue kama ununue kamba mpya au mashine ya kusagia?"

Kama huwezi kutaja uamuzi utakaotokana na jibu, usiende kuwasumbua watu majumbani.

Kisha amua jambo hili: unahesabu watu wanaoishi hapa, au kazi zilizopo hapa? Mwalimu anaweza kulala Chake Chake na kufundisha Mkoani. Mvuvi wa Makoongwe anaweza kuwa dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, kwa miezi miwili. Wachumaji wanaweza kuja kutoka mbali msimu wa karafuu. Kanuni yoyote inafaa, mradi iwe moja, iandikwe, na ifuatwe na kila mhojaji.

HATUA YA 2: Tengeneza orodha ya kazi

Tumia makundi makuu ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2008, ambayo ndiyo msingi wa takwimu za nchi nyingi. Ukiyafuata, namba zako zitaweza kulinganishwa na za wengine. Haya hapa, kwa mifano ya kwetu:

1. Viongozi na mameneja: mwalimu mkuu, meneja wa hoteli.
2. Wataalamu: daktari, mwalimu wa sekondari, mhasibu.
3. Mafundi sanifu na wasaidizi wa wataalamu: fundi wa maabara, tabibu msaidizi.
4. Makarani: karani wa ghala, mtunza kumbukumbu.
5. Huduma na mauzo: muuza duka, muuza chakula, kinyozi, mlinzi.
6. Wakulima, wafugaji na wavuvi: mwenye mikarafuu, mkulima wa mwani, mvuvi.
7. Mafundi wa mikono: mwashi, seremala, fundi umeme, fundi cherehani, muunda mashua.
8. Madereva na waendesha mitambo: dereva wa daladala, wa bodaboda, wa gari la mchanga.
9. Kazi za vibarua: mchukuzi wa bandarini, mchumaji wa karafuu wa kulipwa, mgonga kokoto.
0. Wanajeshi.

Chini ya kila kundi andika kazi halisi kwa majina wanayoyatumia wenyewe. "Mkulima" peke yake halitoshi. Mwenye mikarafuu na mchumaji aliyeitwa kuichuma wamo katika shamba moja, lakini kazi yao si moja na pato lao si moja.

Kwa kila mtu ongeza alama ya pili, yaani hali yake kazini: ameajiriwa, ameajiri wengine, amejiajiri, au anasaidia kazi ya familia bila malipo. Alama hii ndiyo itakayokuonesha kwa nini madereva wawili wa bodaboda wana mapato tofauti: mmoja ana chombo chake, mwingine anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni.

HATUA YA 3: Omba ruhusa, kisha pata orodha ya kaya

Anza kwa sheha. Mweleze lengo, mwoneshe maswali, mwombe idadi ya kaya na mipaka ya shehia. Kama utafiti unavuka shehia moja, pita Ofisi ya Mkuu wa Wilaya na Baraza la Mji Mkoani. Ukikusudia kutangaza matokeo, wasiliana kwanza na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali: yenyewe ndiyo yenye dhamana ya takwimu rasmi, na itakueleza taratibu za vibali. Barua yenye muhuri hulinda kazi yako, na huwalinda wahojaji wako.

HATUA YA 4: Gawa eneo katika matabaka, kisha chagua kaya kwa bahati nasibu

Mkoani si kitu kimoja. Kwa kazi za watu, igawe angalau hivi:

- Mjini na bandarini, ambako kuna maduka, ofisi, magari na uchukuzi.
- Pwani, ambako kuna uvuvi, mwani na biashara ya samaki.
- Mashamba ya ndani, ambako kuna karafuu, mihogo, migomba na mifugo.
- Visiwa vidogo kama Makoongwe na Kisiwa Panza, ambavyo husahaulika kwa kuwa lazima upande chombo kuvifikia.

Ndani ya kila tabaka usichague kaya za jamaa zako, wala zilizo kando ya barabara. Fanya hivi:

1. Andika kaya zote kwa namba. Tuseme ziko 360.
2. Amua utahoji ngapi. Tuseme 60.
3. Gawa: 360 ÷ 60 = 6. Utachukua kaya moja katika kila sita.
4. Andika namba 1 hadi 6 katika vikaratasi, uvute kimoja. Ikitoka 4, anza na kaya ya 4, kisha ya 10, ya 16, ya 22, hadi mwisho.
5. Ukikuta mlango umefungwa, rudi mara mbili kwa saa tofauti. Usiruke kwenda kwa jirani, kwa sababu aliyefunga mlango huenda ndiye aliye kazini.

> KISANDUKU: Wangapi wanatosha?
> Kwa swali la ndiyo au hapana, makisio yako yanaweza kupishana na ukweli kwa kiasi hiki, juu au chini, mara 95 katika kila 100:
> - Waliohojiwa 60: hadi asilimia 13
> - Waliohojiwa 100: hadi asilimia 10
> - Waliohojiwa 400: hadi asilimia 5
>
> Watu wa kaya moja hufanana, kwa hiyo upishano halisi huwa mkubwa zaidi. Kama kazi fulani ina majibu chini ya 10, usitangaze kiwango chake cha pato. Sema tu kwamba kazi hiyo ipo.

HATUA YA 5: Uliza waajiri

Andika orodha ya sehemu zote zenye wafanyakazi wa kulipwa: hospitali na vituo vya afya, skuli, bandari, benki, ofisi za serikali, maduka makubwa, karakana, viwanda vya matofali, hoteli. Kila moja iulize mambo matatu: una watu wangapi wa kila kazi, wangapi ni wa kudumu na wangapi ni vibarua, na mshahara wao umo katika daraja gani.

Mpe mwajiri madaraja ya kuchagua, kwa mfano chini ya 200,000, kutoka 200,000 hadi 349,999, na kuendelea. Mwajiri anayesita kutaja mshahara kamili wa mtu huwa tayari kuonesha daraja. Ulizia mshahara ghafi, kabla ya makato ya kodi na ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Ukichanganya ghafi wa huyu na wa mkononi wa yule, umeharibu ulinganisho.

Soma pia tangazo la kima cha chini cha mshahara linalotumika sasa. Sheria ya Ajira ya Zanzibar ni Namba 11 ya mwaka 2005. Mshahara ukionekana chini ya kima, usiurekebishe ili upendeze. Uandike ulivyo, kwa sababu hiyo nayo ni habari ambayo jamii inapaswa kuijua.

HATUA YA 6: Uliza kaya

Swali "Una kazi?" ndilo linalopoteza watu wengi kuliko yote. Mama aliyeshinda pwani akiokota chaza, aliyesuka ukili jioni na kuuza maandazi asubuhi, atajibu: "Sina kazi, mimi nipo nyumbani tu." Uliza shughuli, usiulize cheo.

> KISANDUKU: Maswali kumi ya kaya
> 1. Katika siku 7 zilizopita ulifanya shughuli yoyote ya kukuingizia pesa au kitu, hata kwa saa moja?
> 2. Kama hapana: unayo kazi uliyoisimamisha kwa muda kwa sababu ya msimu, ugonjwa au hali ya bahari, nawe utairudia?
> 3. Shughuli yenyewe ni ipi hasa? Nieleze unavyofanya.
> 4. Unaifanya kwa nani: umeajiriwa, umejiajiri, umeajiri wengine, au unasaidia nyumbani bila malipo?
> 5. Tupitie miezi 12 iliyopita, mwezi mmoja mmoja: ulikuwa ukifanya nini?
> 6. Mara ya mwisho ulilipwa kiasi gani, na kwa kipimo gani: siku, pishi, kilo, mgao, safari, mwezi?
> 7. Kwa mwezi wa kawaida unafanya siku ngapi, na saa ngapi kwa siku?
> 8. Kabla ya kupata pesa hiyo, wewe mwenyewe ulitoa gharama gani?
> 9. Ulipata kitu chochote badala ya pesa, kama kitoweo, chakula au makonyo?
> 10. Unayo shughuli ya pili? Rudia maswali ya 3 hadi 9.

Swali la tano ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Lisaidie kwa kalenda ya kwetu: kusi na kaskazi, masika na vuli, msimu wa karafuu, Ramadhani, sikukuu. Mtu hakumbuki alifanya nini "mwezi wa tisa", lakini anakumbuka alichokuwa akifanya karafuu zilipoanza kuiva.

Tenganisha pia kazi ya kuuza na kazi ya kujilisha. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliamua kwamba anayelima au kuvua kwa chakula cha nyumbani anafanya kazi, lakini haingii katika hesabu ya ajira. Wewe andika yote mawili katika safu mbili. Ukiacha safu ya pili, umelifuta jasho la wanawake wengi wa mashamba. Ukiichanganya na ya kwanza, namba zako hazitalingana na za wanaoifuata kanuni hiyo.

Adabu za mlangoni. Piga hodi, toa salamu, subiri ukaribishwe. Tuma wahojaji wanawake kwa wanawake kila inapowezekana. Usije wakati wa sala wala wakati wa kupakua chakula. Jitambulishe kwa jina na kwa barua, kisha sema waziwazi: "Mama, hii si kodi, wala si orodha ya msaada wa TASAF. Jina lako halitatajwa, na ukitaka kuacha swali lolote, liache." Usipolisema hilo, mwenye kipato atakificha kwa kuogopa kodi, na mwenye matumaini ya msaada atakipunguza.

HATUA YA 7: Geuza kila malipo yawe kipimo kimoja

Sasa una pishi, kilo, migao na safari. Lazima ziwe shilingi kwa mwezi, tena kwa njia mbili: kwa mwezi wa kazi, na kwa mwaka mzima uliogawanywa kwa 12. Namba zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu. Bei halisi utazipata kwa wahojiwa wako.

*Mchumaji wa karafuu.* Anachuma pishi 5 kwa siku na kulipwa shilingi 2,000 kwa pishi, yaani 10,000 kwa siku. Siku 18 kwa mwezi ni 180,000. Lakini msimu wake ulikuwa miezi miwili na nusu, yaani siku 45, shilingi 450,000. Gawa kwa 12: ni 37,500 kwa mwezi. Namba zote mbili ni za kweli. Ukitangaza ya kwanza pekee, utamdanganya kijana. Ukitangaza ya pili pekee, utasahau kwamba miezi mingine mtu huyo alikuwa akigonga kokoto au akivua. Kumbuka pia kwamba mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Uliza kama mwaka huu ulikuwa wa mavuno makubwa au madogo, na uandike jibu hilo kando ya namba. Kwa mwenye shamba, pato ni malipo ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) kwa daraja la karafuu zake, baada ya kutoa malipo ya wachumaji, usafishaji wa shamba, uanikaji na usafiri.

*Baharia.* Samaki wa usiku mmoja wameuzwa mnadani 240,000. Toa mafuta, barafu na chakula 60,000, zinabaki 180,000. Tuseme nusu ni ya chombo, mashine na nyavu, basi 90,000 ni za watu. Mabaharia 4 wana fungu mojamoja na nahodha ana mafungu 2: jumla mafungu 6, kila fungu 15,000. Kanuni ya mgao hubadilika kutoka diko (mahali pa kushushia samaki) moja hadi jingine, hivyo iulize upya kila uendako. Ongeza thamani ya kitoweo. Kisha hesabu usiku wa kutoka, si usiku wote wa mwezi. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, na pepo za kusi huwafunga wengi ufukweni.

*Mkulima wa mwani.* Kwa miezi mitatu ameuza kilo 300 za mwani mkavu kwa shilingi 1,000 kila kilo, yaani 300,000. Kamba, tai-tai (vikamba vya kufungia mwani) na mambo (vigingi) zimemgharimu 45,000. Zinabaki 255,000, sawa na 85,000 kwa mwezi. Andika aina ya mwani, kwa kuwa kotonii na spinosamu hazina bei moja, na kotonii hufa kwa urahisi zaidi maji ya kina kifupi yakipata joto. Andika saa pia. Kazi hii hufuata bamvua, hivyo siku zake ni chache lakini ndefu, na kuanika kunaendelea nyumbani.

*Dereva wa bodaboda asiye na chombo.* Kwa siku amekusanya 25,000. Petroli 7,000, hesabu ya tajiri 8,000, zinabaki 10,000. Toa matengenezo ya mwezi na siku ambazo chombo kililala gereji, ndipo uzidishe.

HATUA YA 8: Piga jumla kwa uzito sahihi

Kila kaya uliyoihoji inasimama kwa niaba ya nyingine. Idadi ya kaya inazoziwakilisha ndiyo uzito wake.

Tuseme pwani ina kaya 400 nawe umehoji 40: kila moja inawakilisha 10. Mashamba ya ndani kuna kaya 600 nawe umehoji 30: kila moja inawakilisha 20. Pwani umewakuta wakulima wa mwani 22, mashamba 3.

- Pwani: 22 × 10 = 220
- Mashamba: 3 × 20 = 60
- Makisio: wakulima 280

Ukisahau uzito, utasema watu 25 katika kaya 70 ni sawa na watu 357 katika kaya 1,000. Umezua wakulima 77 wasiokuwapo, kwa sababu tu ulihoji zaidi pwani.

Kwa pato, usitumie wastani peke yake. Madereva watano wanapata 150,000, 180,000, 200,000, 220,000 na 750,000. Wastani wao ni 300,000, na hakuna hata mmoja anayekaribia kiasi hicho. Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati: 200,000. Hiyo ndiyo inayomfaa kijana anayepima kama aingie katika kazi hiyo. Kwa kundi kubwa, ongeza namba mbili: kiwango ambacho robo ya watu wako chini yake, na kiwango ambacho robo wako juu yake.

HATUA YA 9: Epuka kumhesabu mtu mara mbili

Mwalimu utamkuta skulini, kisha utamkuta nyumbani kwake. Kanuni rahisi: anayelipwa na sehemu ya kazi iliyomo katika orodha yako mhesabu kwa waajiri tu. Wengine wote wahesabu kwa kaya. Mwenye kazi mbili mhesabu mara moja kama mtu, kwa kazi inayomchukulia muda mwingi zaidi, lakini pato lake la kazi zote mbili liandike.

Kisha linganisha. Idadi ya mashua dikoni inaendana na idadi ya wavuvi uliyoikadiria? Kilo za mwani walizonunua wanunuzi zinakaribiana na jumla uliyoipata kwa wakulima? Zikipishana sana, rudi kwenye daftari kabla ya kutangaza.

MAKOSA YANAYORUDIWA

- Kuhoji wiki moja tu na kuiita mwaka. Wiki ya Ramadhani, ya sikukuu au ya kilele cha karafuu haifanani na nyingine.
- Kumhoji mkuu wa kaya kwa niaba ya wote. Mume mara nyingi hajui mkewe aliuza mwani kiasi gani, na baba hajui vibarua vya kijana wake.
- Kuita mauzo kuwa pato bila kutoa gharama.
- Kulinganisha pato la mwaka huu na la miaka mitano nyuma bila kukumbuka bei za vitu zilivyopanda.
- Kusahau waliosafiri na waliokuja.
- Kuandika 83,417 pale ambapo ukweli wako ni "kati ya 70,000 na 100,000".

TAHADHARI

Pato la mtu ni siri yake. Majina yakae katika karatasi moja na majibu katika nyingine, yakiunganishwa kwa namba tu. Usitangaze pato la kazi yenye watu wachache ndani ya shehia: ukisema fundi friji wa shehia fulani anapata kiasi fulani, naye yuko mmoja, umemtaja. Usimwoneshe mwajiri majibu ya wafanyakazi wake. Na kama ulimwahidi mtu kwamba jibu lake halitampa wala kumnyima msaada, ahadi hiyo isivunjwe na yeyote atakayelipata daftari baada yako.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTANGAZA

☐ Swali, mahali na kipindi vimeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza.
☐ Sheha na ofisi zinazohusika zimearifiwa.
☐ Matabaka yote yamefikiwa, na visiwa vidogo vimo.
☐ Kaya zimechaguliwa kwa bahati nasibu.
☐ Wanawake na vijana wamejibu wenyewe.
☐ Kila pato lina kipimo, msimu na gharama zake.
☐ Uzito umetumika, na waliohesabiwa mara mbili wameondolewa.
☐ Namba ya katikati imetolewa pamoja na kiwango cha chini na cha juu.
☐ Kazi zenye majibu chini ya 10 hazikupewa kiwango cha pato.
☐ Matokeo yamesomwa mbele ya wanashehia kabla ya kupelekwa kwingine.

Usiliruke hilo la mwisho. Waliokupa majibu ndio wajuzi wa kazi zao. Wasomee kazi moja baada ya nyingine, uwaulize wapi namba haifanani na wanavyoishi, na uandike masahihisho yao. Kisha peleka ukurasa mmoja penye uamuzi: kwa chuo kinachopanga kozi, kwa ushirika unaopanga kukopa, kwa Baraza la Mji linalopanga bajeti. Anza na shehia moja na kazi tatu, urudie mwakani kwa maswali yaleyale. Mwaka wa pili utaweza kumwambia kijana ni kazi ipi inayopanuka, ni ipi iliyojaa, na aingie akitarajia kubaki na shilingi ngapi.